Futi 50 kwa 100: Je, umezipima kona?

JE, msomaji, umewahi kununua ploti ya futi 50 kwa 100? Kuanzia Mtwapa hadi Kilifi, kutoka Watamu hadi Malindi, kipimo hiki kimekuwa kama wimbo. Mwuzaji hukutembeza shambani, huvuta tepu mbele ya macho yako, na kila upande hutimia: futi 50, futi 100, futi 50, futi 100. Mnapeana mikono. Unalipa arubuni na kwenda nyumbani ukishukuru.

Hata hivyo, huenda umekwisha kupunjwa futi za mraba 200, yaani nafasi ya chumba cha futi 10 kwa 20, na tepu haikusema uwongo hata kidogo.

Jambo hili lawezekanaje? Jibu limo katika somo ambalo wanafunzi wengi wa sekondari hulikimbia, nalo ni jometri. Wengi hukariri kanuni zake usiku wa kuamkia mtihani kama kasuku, na asubuhi, swali likigeuzwa kidogo tu, huduwaa. Nao wazazi huwasikia watoto wakilalamika na kuitikia, "Hata mimi hesabu zilinishinda." Lakini jometri ina maneno machache, na kanuni zake kuu zinaweza kuhesabika kwa vidole. Kazi ni kujua kwa nini kila kanuni ni kweli.

Hebu tuanze na maneno yenyewe. Fundi akija kuchora msingi wa nyumba, kwanza hupiga vigingi. Kila kigingi ni nukta, mahali tu, pasipo urefu wala upana. Kisha hufunga uzi kutoka kigingi hadi kigingi na kuukaza. Huo ni mstari mnyoofu, wenye urefu bila upana. Nyuzi mbili zikikutana kwenye kigingi kimoja, uwazi ulioko kati yao ni pembe, na pembe twaipima kwa nyuzi. (Tazama jinsi Kiswahili kilivyo: kipimo cha pembe ni neno lile lile la wingi wa uzi!) Mzunguko mzima ni nyuzi 360, mstari mnyoofu ni nyuzi 180, na kona iliyosimama barabara, ambayo mafundi huiita skwea, ni nyuzi 90. Hiyo ndiyo pembe mraba. Mistari miwili ambayo hata ikirefushwa namna gani haikutani ni mistari sambamba, kama kingo mbili za mkeka.

Mtu aliyeyapanga mambo haya kwa utaratibu ni Euclid, aliyefundisha Alexandria, Misri, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Kwa hivyo anayesema jometri ni elimu ya Wazungu na akumbuke ilikoandikiwa. Euclid alianza na mambo machache ambayo kila mtu angeyakubali, kwa mfano kwamba kati ya nukta mbili unaweza kuchora mstari mnyoofu. Juu ya hayo akajenga kanuni moja baada ya nyingine, kila moja ikisimama juu ya zilizotangulia, kama fundi anavyopanga matofali. Kanuni iliyothibitishwa hivyo ndiyo walimu wanayoiita theoremu, na hoja inayoithibitisha ni ithibati yake.

Sasa turudi kwa fundi wetu. Anajuaje kwamba kona ya msingi ni skwea? Hupima futi 3 upande mmoja wa kona na kutia alama. Hupima futi 4 upande wa pili na kutia alama. Halafu hupima kutoka alama hadi alama. Zikipatikana futi 5 kamili, kona ni skwea. Zikizidi au kupungua, anasogeza kigingi. Mulize kwa nini, atakwambia ndivyo alivyofundishwa. Jawabu lake si baya, maana nyumba inasimama. Ila mwanafunzi anatakiwa aende hatua moja mbele.

Kanuni inayohusika ni ile ya Pythagoras, ingawa watu wa Babeli, katika nchi ambayo leo ni Iraki, walijua hesabu hizi zaidi ya miaka elfu moja kabla hajazaliwa. Inasema hivi: katika pembetatu yenye pembe mraba, ukichukua zile pande mbili fupi, kila mmoja ukauzidisha kwa wenyewe, kisha ukajumlisha, utapata sawasawa na upande mrefu uliozidishwa kwa wenyewe. Mara 3 kwa 3 ni 9, mara 4 kwa 4 ni 16, jumla ni 25, nayo ni 5 mara 5.

Usiikubali kwa kuambiwa tu. Chukua katoni kuukuu la sabuni, chora mraba wa sentimita 7 kila upande. Kisha kata pembetatu nne zilizo sawa, kila moja ikiwa na pembe mraba kati ya upande wa sentimita 3 na upande wa sentimita 4. Zipange ndani ya mraba, kila pembetatu ikikaa kwenye kona moja, na kila upande wa mraba ukigawanywa kuwa 3 na 4. Katikati patabaki nafasi yenye pande nne zilizo sawa. Je, nafasi hiyo ni mraba? Tazama mahali kona yake inapogusa ukingo wa mraba mkubwa. Hapo pamekutana pembe tatu kwenye mstari mmoja, kwa hivyo jumla yake ni nyuzi 180. Mbili kati ya hizo ni zile pembe ndogo za pembetatu yetu. Kwa kuwa pembe zote za pembetatu jumla yake ni 180 na moja imekwisha kuchukua 90, hizo mbili pamoja ni 90. Basi iliyobaki ni 90. Naam, ni mraba kamili.

Sasa hesabu. Mraba mkubwa ni 7 mara 7, yaani 49. Kila pembetatu ni nusu ya 3 mara 4, yaani 6, na zote nne ni 24. Ondoa 24 kwenye 49, zabaki 25. Mraba wenye eneo la 25 una upande wa 5. Badala ya 3 na 4 unaweza kuweka namba zozote zile, na hoja haibadiliki.

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita mbio. Kanuni tuliyoithibitisha inasema kwamba kona ikiwa skwea, vipimo vitalingana. Fundi yeye huenda kinyumenyume: vipimo vimelingana, kwa hivyo kona ni skwea. Hayo si maneno mamoja. Kila mvuvi wa Ngomeni ni mtu wa pwani, lakini si kila mtu wa pwani ni mvuvi wa Ngomeni! Euclid aliliona hilo, ndiyo maana katika kitabu chake cha kwanza kanuni ya Pythagoras ni ya 47, na ile inayorudi nyuma, ambayo ndiyo ya fundi, ni ya 48, ya mwisho kabisa. Ithibati yake ni fupi. Pembetatu mbili zikiwa na pande zote tatu sawa, basi ni sawa kabisa, pembe kwa pembe. Pembetatu ya skwea ya 3 na 4 tumeona upande wake wa tatu ni 5. Kwa hivyo pembetatu yoyote ya 3, 4 na 5 ni hiyo hiyo, na ina skwea.

Baada ya hapo ploti yetu ni jambo rahisi. Umbo lenye pande mbilimbili sambamba linaweza kuinama kama kitanda cha kamba kilicholegea miguu, na pande zake zisibadilike hata inchi moja. Tuseme zile pande za futi 50 zimeinama kiasi cha futi 14. Kimo cha ploti, yaani umbali wa skwea kutoka upande mmoja mrefu hadi wa pili, si 50 tena. Ni 48, kwa maana 14 mara 14 ni 196, 48 mara 48 ni 2,304, na jumla ni 2,500, ambayo ni 50 mara 50. Eneo la umbo kama hilo ni kitako mara kimo: 100 mara 48, futi za mraba 4,800. Ulilipia 5,000. (Na akikwambia hiyo ni thumuni ya ekari, mkumbushe kwamba ekari ina futi za mraba 43,560, na thumuni yake ni 5,445.)

Mnunuzi afanye nini? Apime ulalo, yaani kutoka kona hadi kona ya mkabala, mara mbili. Katika ploti ya 50 kwa 100 iliyo skwea, kila ulalo ni kama futi 111 na inchi 10. Katika ploti yetu iliyoinama, mmoja utakuwa karibu futi 124 na wa pili futi 98 na nusu. Hapo hakuna ubishi.

Na ithibati? Ziite kona A, B, C na D kwa mpangilio. Tazama pembetatu ABC na pembetatu DCB. Upande AB ni sawa na DC, upande BC ni wa zote mbili, na nyalo AC na DB umezipima ukaona ni sawa. Pande tatu sawa, basi pembe ya B ni sawa na pembe ya C. Lakini AB na DC ni sambamba, kwa hivyo pembe hizo mbili pamoja ni 180. Mbili sawa zenye jumla ya 180: kila moja ni 90. Bila shaka, kabla ya kulipa bado utahitaji mpima ardhi mwenye leseni na ramani ya serikali, maana tepu haijui bikoni halali iko wapi.

Tutoke nchi kavu, twende baharini. Mnamo Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi, na mfalme wa mji akampa rubani wa kumvusha hadi Calicut, India. Vitabu vingi vilidai kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, mwanamaji Mwarabu mashuhuri. Wanahistoria wengi siku hizi hawakubali. Waling'oa nanga Jumanne, tarehe 24, na daftari la safari lasema kwamba Jumapili iliyofuata waliiona tena nyota ya kaskazini, ambayo ilikuwa imewapotea kwa muda mrefu. Ndiyo nyota ya jaa. Kwa nini Malindi haionekani, na ukielekea kaskazini yachomoza?

Kanuni yasema: kimo cha ncha ya kaskazini ya mbingu kutoka upeo wa macho ni sawa na nyuzi ulizo mbali na ikweta upande wa kaskazini. Chora duara, ndiyo dunia. Simama mahali fulani kaskazini ya ikweta, tuseme nyuzi 20. Upeo wa macho ni mstari unaoligusa duara pale uliposimama tu, na mstari wa namna hiyo hukutana na nusu kipenyo kwa pembe mraba. Ndiyo kusema juu ya utosi wako na upeo wako vimetengana kwa nyuzi 90. Mhimili wa dunia nao uko skwea na ikweta, kwa hivyo kati ya mhimili na nusu kipenyo chako pana 90 toa 20, yaani 70. Nyota iko mbali mno hivi kwamba mstari wako wa kuitazama ni sambamba na mhimili, basi kutoka utosini hadi kwenye nyota ni 70 vilevile. Toa 70 kwenye 90: nyota iko nyuzi 20 juu ya upeo. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walikipima kimo hicho kwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, uzi wakiushika kwa meno. Malindi iko nyuzi 3 na kidogo kusini ya ikweta, kwa hivyo ncha hiyo imezama nyuzi 3 na kidogo chini ya upeo.

Jometri hii ya tufe iko pia Gedi, mji wa magofu ambao UNESCO iliutia katika urithi wa dunia Julai 2024. Ukuta wa kibla wa msikiti wake mkuu uko upande wa kaskazini. Makka iko longitudo ya karibu nyuzi 39.8 mashariki, Gedi karibu nyuzi 40, hivyo kibla haiachani na kaskazini hata kwa uzi mmoja. Mswahili aliyeko Toronto, Kanada, hugeukia kaskazini mashariki, ingawa Makka iko kusini zaidi kuliko mji wake. Juu ya tufe, njia fupi hupinda hivyo.

Lakini kwa masafa mafupi dunia yaweza kuchukuliwa kuwa bapa, na hapo Pythagoras hurudi kazini. Mzingo wa dunia ni kama kilomita 40,000. Gawanya kwa 360, uzi mmoja ni kama kilomita 111. Chukueni ramani mezani, mzazi na mwana. Malindi iko kama kilomita 45 kaskazini ya Kilifi, na kama kilomita 30 mashariki yake. Mara 45 kwa 45 ni 2,025, mara 30 kwa 30 ni 900, jumla 2,925, na kipeuo chake ni kama 54. Hizo ndizo kilomita za kunguru arukaye moja kwa moja. Matatu huenda zaidi, kwa sababu barabara hupinda. Kona ya pembe mraba ya pembetatu hiyo, ukitoka Kilifi na kwenda kwanza kaskazini, iko bara, magharibi ya Malindi. Ukienda kwanza mashariki, utaipata baharini.