Wivu Katika Mabehewa ya Sarakasi

Katika zama ambazo sarakasi kubwa za Marekani zilisafiri kwa garimoshi, watu wake hawakuwa na maskani nyingine msimu mzima ila mabehewa ya kulala, na humo kila mtu alilala kwa cheo chake: vibarua wa hema walibanana kitanda kimoja watu wawili, makapera walikuwa na behewa lao, wasichana wasioolewa lao, na mashuhuri wachache walitengewa vyumba vya faragha. Ringling Bros. and Barnum & Bailey, iliyounganishwa mwaka 1919, ilichukua watu zaidi ya 1,000, waliokula katika hema moja na kupambazukiwa kila siku katika mji mgeni; basi walipendana wao kwa wao, na aliyeachwa hakuwa na budi kumtazama aliyemwacha, pamoja na hasimu wake, asubuhi na jioni, mpaka msimu uishe.

Wenye mali waliitambua hatari hiyo. Wasichana wa ngoma wa akina Ringling walitungiwa kanuni: wawe wamejiandikisha behewani kabla ya saa tano usiku, wasitoke tena, wasilale hotelini, wala wasizungumze na wanaume wa kampuni, hata udhuru wa kukutana kwa bahati haukukubaliwa. Naziona kanuni dhalimu, kwa kuwa mzigo wote ulitwikwa wanyonge, walakini hofu iliyozizaa ilikuwa ya haki, maana mrukaji huiachia bembea na kuikabidhi roho yake kwa mdakaji, na ole wake ikiwa mdakaji huyo amelala na kinyongo.

Msiba mkubwa ulitoka kwa mashuhuri wa sarakasi hiyo, ambao kanuni hizo hazikuwagusa. Mwaka 1928 Lillian Leitzel, aliyejipindua kwa mkono mmoja juu ya kamba huku hadhira ikimhesabia kwa sauti, aliolewa na Alfredo Codona, bingwa wa kupinduka mara tatu hewani kabla ya kudakwa na nduguye Lalo. Wote wawili walikuwa wepesi wa ghadhabu na wivu, na katika kundi la Codona alikuwamo mrukaji mwingine, Vera Bruce. Tarehe 13 Februari 1931, huko Copenhagen, chuma kilichoshika kamba ya Leitzel kilikatika, naye akafariki siku mbili baadaye. Mwaka uliofuata Codona alimwoa Vera, ambaye tangu hapo alishindana na marehemu. Bega la mume likaumia mwaka 1933, asiruke tena. Na Julai 1937, huko Long Beach, California, katika ofisi ya wakili walikokutana kwa shauri la kuachana kwao, alimpiga Vera risasi kisha akajiua.

Codona alizikwa pamoja na majivu ya Leitzel, na aghalabu husimuliwa kama mjane aliyeuawa na mahaba. Huruma yangu mimi iko kwa Vera, aliyeruka naye miaka yote ile, na ambaye katika masimulizi hayo hutajwa mwisho.