Umbo la Bakteria Limo Ukutani

Vitabu vya biolojia vya sekondari huwagawa bakteria kwa maumbo: wa duara, wa fimbo, waliopinda kama mkato, mfano wa kimelea cha kipindupindu, na waliojisokota kama kimelea cha kaswende. Mwanafunzi huchora, hupaka rangi, hupata alama zake. Kinachoifanya fimbo iwe fimbo huachwa bila kuulizwa, labda kwa sababu hakichoreki.

Ni ukuta. Nje ya utando laini wa seli, bakteria wengi wamevaa mfuko mgumu wa minyororo ya sukari iliyofungwa pamoja kwa vipande vifupi vya asidi amino. Mwaka 1953 Claes Weibull aliwaweka bakteria wa fimbo kwenye maji yenye sukari nyingi, akauyeyusha ukuta wao kwa lisozaimu, kimeng'enya kilichomo hata kwenye machozi yetu. Fimbo zikawa mipira. Uhai ulibaki, umbo likapotea. Bila ile sukari ya kwenye maji wangevimba na kupasuka, kwa maana ndani ya seli kuna shinikizo ambalo kwa baadhi ya bakteria hufika mara 20 ya shinikizo la hewa. Tairi la gari dogo hujazwa takriban mara 2 tu, na bado hutupasukia njiani.

Penisilini huitumia hatari hiyo hiyo. Seli inayokua hukata minyororo ya zamani ili ipachike mipya. Dawa hukizuia kimeng'enya kinachofunga viungo vipya. Ukataji huendelea, ufungaji husimama, na seli hupasuliwa na shinikizo lake yenyewe. Seli zetu hazina ukuta wa aina hiyo, ndiyo maana dawa hutupita salama, isipokuwa kwa wenye mzio.

Mwaka 1884, mjini Berlin, daktari Mdenmarki Hans Christian Gram alikuwa akitafuta bakteria kwenye mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Alitia rangi ya zambarau, kisha iodini, kisha akasuuza kwa alkoholi. Wenye ukuta mnene hubaki na zambarau. Wenye ukuta mwembamba uliofunikwa na utando wa pili huipoteza. Gram mwenyewe aliiona mbinu hiyo kuwa na kasoro nyingi. Maabara za hospitali bado zinaitumia kila siku, kasoro zikiwemo.

Kimelea cha kifua kikuu hakiingii vizuri katika mgawo huo. Ukuta wake umepakwa nta, na rangi za Gram hupenya kwa shida. Mtaalamu wa maabara hulazimika kutia rangi nyekundu kwenye makohozi na kuyapasha moto, kisha kuosha kwa asidi. Kimelea hubaki chekundu. Nta hiyo huchelewesha dawa pia. Isoniazidi, iliyoanza kutumika 1952, hushambulia utengenezaji wa nta yenyewe, lakini kimelea hiki hugawanyika takriban mara moja kwa siku, na dawa ya namna hiyo hungoja seli ijenge. Hiyo ni sehemu ya sababu ya matibabu kuchukua miezi, muda ambao mgonjwa aliyekwisha kupata nafuu huuona kama ukaidi wa daktari.

Halafu kuna mikoplasma, mmoja wa wasababishi wa nimonia, asiye na ukuta kabisa. Penisilini haina la kumfanya. Kwa kanuni ya Weibull angepaswa kuwa mpira tu, lakini hadubini ya elektroni humwonyesha amerefuka, na ncha maalumu ya kung'ang'ania koo letu: ameshikiliwa na mhimili wa protini uliomo ndani mwake.