Barua elfu moja kwa senti kumi

Abiria amelipia tiketi ya basi la alfajiri kwa simu. Pesa imekatwa, ila tiketi aliyoahidiwa kwa barua pepe haionekani. Anasubiri dakika tano, anarudi kwenye tovuti, analipa mara ya pili. Kesho yake mwenye mabasi anadaiwa nauli, na mtu wa IT anaapa kwamba barua ilitumwa. Hasemi uongo. Ilitumwa, haikufika.

Tiketi, risiti, kiungo cha kubadili nenosiri: barua hizi hutumwa na mfumo wenyewe, moja moja, kwa mtu anayezisubiri dakika hiyo hiyo. Anayechagua huduma ya kuzituma kwa kutazama bei ya barua elfu tu ananunua utumaji, wakati anachohitaji ni ufikaji. Tuchukue mfumo wa tiketi unaotuma barua 10,000 kwa mwezi, tupige hesabu.

Njia za kuanzia

Wengi huanza na akaunti ya Gmail. Ya kawaida ina kikomo cha barua 500 kwa siku, na ya Google Workspace 2,000. Wastani wetu ni kama 330 kwa siku, kwa hiyo kwenye karatasi inatosha. Tatizo ni kwamba safari hazigawanyiki kwa wastani. Shule zikifungwa au Krismasi ikikaribia, kikomo kitafikiwa siku ile ile ambayo tiketi zinauzika kuliko zote.

Wengine hukodi seva ndogo ya dola chache wajitumie wenyewe. Amazon, Google Cloud na DigitalOcean hufunga lango namba 25, ambalo kwalo seva za barua hupelekeana mizigo. Hata ukipata pa kupita, anwani mpya ya IP haina jina mbele ya Gmail na Yahoo, na mgeni asiye na jina huishia kwenye barua taka. Njia hii iachie wenye muda wa kuilea.

Wanaolipwa

Kwa bei, ni vigumu kuishinda Amazon SES: senti 10 za dola kwa barua elfu, yaani dola 1 kwa barua zetu zote. Viambatisho hulipiwa senti 12 kwa gigabaiti. Tiketi ya PDF yenye kilobaiti 200 ikitumwa mara 10,000 hufanya gigabaiti 2, senti 24. Hata hivyo ni bora kuweka kiungo. Abiria naye analipia bando.

Gharama ya SES iko kwingine. Akaunti mpya huanzia eneo la majaribio: barua 200 kwa siku, tena kwa anwani ulizokwisha kuzithibitisha tu. Kutoka hapo unaomba ruhusa na kueleza unatuma nini na kwa nani. Ukiruhusiwa, barua zinazorudi zikifika asilimia 5 akaunti huwekwa chini ya uangalizi, na zikifika 10 inaweza kusimamishwa. Asilimia 5 ya barua zetu ni 500, na wateja wanaoandika "gmial" badala ya "gmail" si haba. SES itakupa taarifa za barua zilizorudi, lakini mfumo wa kuzipokea taarifa hizo na kuzifanyia kazi unaujenga wewe.

Postmark inatoza dola 15 kwa barua hizo hizo 10,000, mara kumi na tano ya SES. Kwa pesa hiyo hutenganisha barua za mfumo na matangazo, na huhifadhi historia ya kila barua kwa siku 45. Abiria akipiga simu, mhudumu anafungua ukurasa na kuona kama tiketi yake ilipokelewa au ilikataliwa, bila kumtafuta mtu wa IT.

Resend hutoa barua 3,000 bure kwa mwezi, ila zisizidi 100 kwa siku. Kifurushi cha dola 20 hubeba 50,000. Brevo ya Ufaransa hutoa 300 bure kwa siku, pungufu kidogo tu ya wastani wetu. Cha bure kitumie, lakini usijenge nyumba juu yake. Mandrill iliacha kujitegemea mwaka 2016 ikawa nyongeza kwa wateja wanaolipia Mailchimp, na SendGrid ilifuta kifurushi chake cha bure cha kudumu mwaka 2025.

Kazi isiyo na bili

Yeyote utakayemchagua, domeini yako inahitaji rekodi tatu. SPF hutaja wanaoruhusiwa kutuma kwa jina lako, DKIM hutia sahihi, na DMARC huelekeza barua isiyopita ukaguzi ifanywe nini. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo huzidai zote tatu kwa anayetuma kwa wingi, ambaye kwa Google ni wa barua 5,000 kwa siku, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Kosa la kawaida ni kuongeza rekodi ya pili ya SPF juu ya ile iliyowekwa na kampuni ya hosti. Domeini hutakiwa kuwa na moja tu. Zikiwa mbili, zote hazihesabiki.

Namba za siri za kuthibitisha ziende kwa SMS. Ni ghali mara nyingi zaidi ya barua pepe, lakini wateja wengi hapa kwetu walifungua akaunti ya barua pepe siku walipowasha simu mpya na hawajaigusa tena.

Uchague ipi?

Chini ya barua 3,000, anza na Resend huku ukiichunga ile 100 ya siku. Kwenye 10,000, bila mtu wa kulinda mitambo, lipa dola 15 za Postmark. Tofauti yake na SES ni dola 14, na nauli mbili za masafa marefu zilizorudishwa zinatosha kuimaliza. Ukifika 300,000, SES ni dola 30 wakati Postmark ni mamia. Hapo kumlipa mtu wa kushughulikia barua zinazorudi kuna faida.

Mipangilio ya mtumaji iweke nje ya programu, ili kuhama iwe kazi ya saa chache. Kabla ya kulipa, jitumie tiketi ya majaribio, kisha mwombe asiye mtu wa IT atafute kwenye mfumo ilifika saa ngapi. Akishindwa kuiona, siku abiria atakapopiga simu saa kumi alfajiri, mhudumu naye hatakuwa na la kumjibu.