JE, NCHI YETU ITOKE KATIKA JUMUIYA?



Siku hizi kila niendapo kwenye vituo vya kuuzia karafuu naulizwa neno moja zaidi kuliko bei. Neno lenyewe ni hili: Jumuiya ya Afrika Mashariki yatupa faida gani sisi wenye mikarafuu, na kwa nini nchi isitoke ikajikalia peke yake? Swali si geni, lakini lilipata moto Julai 2025, Serikali ilipotoa amri ya kuwakataza wasio raia wasifanye biashara ndogo ndogo za aina 15, na wenzetu wa Kenya wakaona wamelengwa wao. Vijana wakasema, kama hatutakiani heri, ya nini kukaa nyumba moja? Kamati ya Chama haijatoa kauli juu ya jambo hili, wala haifai iwasemee wanachama kabla wao hawajasema. Haya niandikayo ni maoni yangu, na asiyeyapenda ayapinge.

Nayaandika baada ya kukaa siku kadhaa Moshono, upande wa mashariki wa jiji la Arusha, nilikokwenda kwa shughuli za ushirika. Wengi wetu tulisikiapo jina la Arusha twafikiri mikutano na bendera. Moshono ni pahala pa migomba, kahawa, mahindi na maharage, pana baridi ya asubuhi ya kumfanya mtu wa Pemba aazime koti, na Mlima Meru waonekana juu yake siku isiyokuwa na mawingu. Watu wake ni wakulima na wachuuzi kama sisi, ila wao makao makuu ya Jumuiya wanayo karibu, nauli ya daladala tu, na sisi twayaona magazetini. Basi nikawauliza wao swali mliloniuliza mimi.

Mzee mmoja mwenye shamba la migomba alinijibu kuwa mambo ya kuvunja Jumuiya wao wayajua, kwa kuwa iliyovunjika mara ya kwanza iliwaachia majumba. Alikuwa akisema yale majengo makubwa ya katikati ya mji, yenye mabawa matatu yaitwayo Kilimanjaro, Ngorongoro na Serengeti. Yalijengwa yawe makao makuu ya Jumuiya ya kwanza, na Jumuiya ikafa. Mwaka 1978 yakafanywa kituo cha mikutano ya kimataifa, ndicho AICC.

Vijana hawakuyakuta hayo, nami nitayaeleza kidogo. Mkataba wa Jumuiya ya kwanza ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967, ukaanza kazi tarehe 1 Desemba mwaka ule. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na reli, bandari, posta na ndege kwa pamoja. Lakini viwanda vingi vilikuwa Kenya, na nchi mbili nyingine zikanung'unika kuwa zanunua tu, haziuzi. Kisha Januari 1971 Idi Amin akaipindua serikali ya Uganda, na Mwalimu Nyerere akakataa kuketi naye, basi wakuu watatu, ambao ndio wenye neno la mwisho, hawakukutana tena. Mwanzoni mwa 1977 shirika la ndege likavunjika, Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na Juni ilipokwisha bajeti ya Jumuiya haikupitishwa. Ikafa hivyo, bila hata kusomewa dua.

Mpaka ulikaa umefungwa hata Novemba 1983. Mali ziligawanywa kwa usuluhishi wa Bwana Victor Umbricht wa Uswisi, na mapatano yakatiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984. Ama watumishi wa Jumuiya ile, miaka zaidi ya 30 baadaye wazee wao walikuwa bado wadai mafao Dar es Salaam, na wengine walikwisha zikwa. Najua kwamba dhiki ya miaka ile ya mwanzo wa 1980 ilikuwa na sababu nyingine, vita vya Kagera na bei ya mafuta. Lakini mpaka uliofungwa haukuipunguza. Mzee wa Moshono asema kahawa yake haikukosa mnunuzi, ila sabuni ya kufulia nguo za kuchumia kahawa ndiyo aliyoitafuta kwa siri usiku.

Hata hivyo asije mtu akasema kuwa kutoka ni haramu. Nchi yetu imepata kutoka. Mwaka 2000 Tanzania ilijiondoa katika COMESA, soko la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, ilhali Kenya na Uganda zilibaki, na wala sikumbuki mtu aliyelala njaa kwa ajili hiyo. Kwa nini? Kwa sababu mlango ule ulipofungwa, miwili ilikuwa wazi: SADC kwa upande wa kusini, na Jumuiya mpya, ambayo mkataba wake ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, kwa upande wa Kenya na Uganda. Leo tukitoka katika Jumuiya, bidhaa ya kwenda Nairobi na Kigali itapita mlango gani? Wako watakaonijibu kuwa upo mkataba wa soko huru la Afrika nzima. Ni kweli, na biashara yake ilifunguliwa Januari 2021, lakini ungali mchanga. Mwenye mtumbwi unaovuja hashuki katikati ya mkondo wa Pemba kwa kuwa ameambiwa meli inaundwa. Huziba tundu akaendelea kupiga kasia.

Kutoka kwenyewe si amri ya siku moja. Kifungu cha 145 cha Mkataba chataka Bunge la nchi liazimie kwa theluthi mbili za wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, kisha Katibu Mkuu wa Jumuiya apewe taarifa ya maandishi ya miezi 12. Uingereza, yenye makarani wengi kuliko sisi, ilipiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya Juni 2016 na haikutoka mpaka tarehe 31 Januari 2020. Na sisi wa visiwani tukumbuke kuwa mambo ya nje na ushuru wa forodha ni mambo ya Muungano. Zanzibar iliingia peke yake katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, Desemba 1992, na Agosti 1993 ikatoka kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo anayetaka tutoke, au tubaki, hana njia ila kwa mbunge wake. Wanachama wangapi wamewahi kumwuliza mbunge wao habari ya Jumuiya? Humwuliza barabara na maji, nayo ni haki yao, lakini hili nalo ni lao.

Sasa tuje kwenye karafuu, maana ndiyo iliyotukusanya. Mteja wetu mkubwa hayuko Nairobi wala Kampala. Huko watu hutia chembe tatu nne katika pilau na chai, basi. Zao letu huelekea Singapore, India, Indonesia na Dubai. Indonesia ndiyo inayolima karafuu nyingi kuliko nchi zote, tena ndiyo inayoitumia kuliko zote, kwa kuwa huivuta katika sigara zao ziitwazo kretek. Ikivuna vizuri bei yetu hulala, ikivuna vibaya bei yetu huamka. Waliokuwa watu wazima miaka ya 1980 wakumbuka Indonesia ilipojitosheleza na bei ikaporomoka, hata mashamba mengine yakaachwa yakaota magugu. Wakati ule hapakuwa na Jumuiya yoyote ya kulaumiwa. Ilikuwa imekwisha kufa.

Kijana mmoja kituoni aliniuliza swali ambalo lilinipendeza kwa ukali wake. "Bwana Katibu," akasema, "tangu 2005 tuna umoja wa forodha. Mtu wa Arusha avusha vitunguu Namanga mchana kweupe. Mimi nikivusha gunia la karafuu mpaka Shimoni naitwa mtu wa magendo. Umoja gani huu?" Waliokuwapo wakacheka, lakini mimi sikucheka, maana si swali la mzaha. Wako waliopoteza vyombo na uhuru wao kwa gunia kama hilo, na wako waliopotea baharini usiku.

Jawabu langu ni hili. Umoja wa forodha wahusu ushuru wa mpakani. Haukufuta sheria ya ndani. Sheria ya Zanzibar imelipa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, lililoanzishwa mwaka 1968, haki ya kununua karafuu peke yake. Nchi ikitoka katika Jumuiya kesho asubuhi, gunia la yule kijana litakuwa la magendo vile vile. Ikibaki miaka 100, litakuwa la magendo vile vile, mpaka Baraza la Wawakilishi libadili sheria. Ikiwa bei ya kituoni haituridhishi, au mzani watutia shaka, au malipo yachelewa, hayo ni maneno ya nyumbani, na tuyaseme nyumbani kwa sauti. Kuyatundika kwenye mlango wa Jumuiya ni kumpa nafuu yule anayepaswa kutujibu.

Wala ugomvi wa nani anunue karafuu si wa leo. Mwaka 1937, zama za Mwingereza, serikali ya Unguja ilitunga sheria ya kukipa chama kimoja, Clove Growers' Association, mamlaka ya kununua karafuu yote. Wafanyabiashara wa Kihindi wakakasirika, na kule India watu wakagomea karafuu ya Zanzibar. Mwaka 1938 wakubwa wakapatana. Lakini katika miezi ile ya mgomo aliyekaa na karafuu isiyo mnunuzi hakuwa yule aliyetunga sheria. Ndiyo maana mimi huogopa kila nisikiapo mtu akisifu kufunga mlango wa biashara kwa hasira.

Kama twataka kuilaumu Jumuiya, pahala pake nimepaona, napo ni sufuriani. Mkulima wa karafuu hali karafuu, ala wali. Katika daftari la ushuru wa pamoja wa Jumuiya, mchele utokao nje umewekewa ushuru wa 75 kwa mia, ili kuwakinga wakulima wa mpunga wa Afrika Mashariki. Sina neno na kuwakinga. Lakini Kenya kwa miaka mingi imeomba na kuruhusiwa kutoza 35 kwa mia, kwa kuwa watu wake walaji ni wengi kuliko wakulima wa mpunga walio nao. Maombi ya namna hiyo nchi huyapeleka Arusha kila mwaka kabla ya bajeti ya Juni. Hapo ndipo sauti ya visiwa yatakiwa isikike, mapema na kwa hesabu. Kelele za kutoka zitatuacha na sufuria ile ile.

Tena kuna wenzetu. Pale Moshono nilimkuta mama mmoja ambaye hukusanya vitunguu na nyanya za jirani zake akazipeleka Namanga, ambako tangu 2018 ofisi za nchi mbili zimewekwa pamoja. Nilipomtajia kutoka aliniuliza kama nitamlipia ada za watoto. Hakuisifu Jumuiya hata kidogo. Alikumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, na watu wake wakakaa na magari njiani. Lakini katazo lile liliondolewa baada ya siku chache, maana palikuwa na pahala pa kwenda kusemezana. Katika 1977 pahala hapo hapakuwapo. Isitoshe, Mkataba wa leo wamruhusu hata mtu mmoja mkaazi wa nchi mwanachama aende Mahakama ya Afrika Mashariki kuishitaki serikali iliyovunja Mkataba, maadamu afanye hivyo katika miezi miwili. Jumuiya ya kwanza haikumpa mkulima haki hiyo.

Mwaka 2013 Kenya, Uganda na Rwanda zilipokuwa zikikutana bila ya sisi, hasira zilikuwa kubwa kuliko hizi. Rais Kikwete alikwenda Bungeni Dodoma tarehe 7 Novemba akaeleza kuwa Tanzania haitoki. Tangu hapo Jumuiya imeingiza Sudan Kusini, Kongo na Somalia, zimekuwa nchi 8. Kama jambo la kutoka litaletwa kwetu, rai yangu ni kuwa tubaki, na tudai haya ya mchele.

Suala hili litawekwa katika ajenda ya Mkutano Mkuu ujao, inshallah. Mwenye maoni ayaandike, hata kwa mistari mitatu, ampe mjumbe wa tawi lake. Atakayesema tutoke namwomba aandike pia karafuu yake ataiuza kwa nani, na kwa sheria ipi.

Katibu