Msaada ukiisha, nani anabaki ndani ya mutuelle?

Ndugu wanamemba, wengi wanatuuliza: mradi ukitulipia kotizasyo ya mutuelle ya afya mwaka wa kwanza, mwaka wa pili itakuwa namna gani? Tuangalie Ghana. Mwaka 2011, kule Wa West, vijiji fulani vilipunguziwa bei ya bima ya afya mara moja tu. Kisha miaka 3, walioandikishwa huko walikuwa bado wengi kuliko penye msaada haukufika. Lakini waliobaki zaidi ni wenye kuhitaji matibabu. Hapo njo kuna hatari: wazima wakitoka, sanduku linakauka, mgonjwa anakosa wa kumlipia. Basi tupatane: siku ya kuuza mavuno, tukate kotizasyo ya kila jamaa mbele ya kugawa pesa. Mzima wa leo anaweza kuwa mgonjwa wa kesho.