Uzito, Afya na Uwezo (3): Jin za Shahe

Juma lililopita tuliuliza kama kila mnene ni mgonjwa. Leo tulitafute jibu katika soko la Shahe, wilayani Tianhe, Guangzhou, ambako nguo za jumla huanza kuuzwa kabla ya alfajiri.

Mfanyabiashara wa Kariakoo akishika gauni pale hukuta vipimo viwili. Cha kwanza ni cha mdomo: muuzaji humtajia jin, na jin moja ni nusu kilo. Gauni la "jin 100 hadi 120" ni la mwenye kilo 50 hadi 60. Cha pili kimo kwenye lebo: 160/84A. Hapo 160 ni urefu kwa sentimita, 84 ni kifua, na A ni tofauti ya kifua na kiuno. Anayenunua kwa jin tu hurudi na magauni yanayobana nyonga na kupwaya mabegani, maana kilo haisemi imekaa wapi mwilini.

Madaktari nao wana jin yao. Huchukua kilo, wakazigawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanamke wa mita 1.60 na kilo 62 hupata 24.2. Kwa Shirika la Afya Duniani uzito huzidi kuanzia 25. Kwa China, kuanzia 24. Basi mama huyo akipanda ndege Dar es Salaam yuko sawa, akishuka Guangzhou kazidi, na bado hajaonja zile tambi pana za mchele zilizopewa jina la Shahe! China ina sababu: Waasia wengi hupata kisukari wakiwa na uzito mdogo kuliko Wazungu, kwa kuwa mafuta yao hujilundika zaidi tumboni. Kanuni yenyewe ilitoka kwa Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, miaka ya 1830. Alikuwa mwanatakwimu, akimtafuta mtu wa wastani, hakuwa daktari.

Na uwezo je? Furushi la nguo likiwa kwenye toroli, huvutwa kwa misuli, pumzi na mazoea, na hayo hupatikana kwa kuutumia mwili. Mnene anayetembea kila siku aweza kupanda ngazi akamwacha nyuma mwembamba anayeshinda kitini.

Kwa hiyo usiutupe mzani, ila uongezee lebo: chukua tepu ya fundi cherehani, pima kiuno. China huonya kuanzia sentimita 85 kwa mwanamke na 90 kwa mwanamume.

Juma lijalo: chakula cha usiku.