The Spinners: sauti tano, zamu kwa zamu



Katika mabweni yetu mabishano hayaishi: kikundi cha muziki ni cha nani? Wengine wanasema: «Mwenye kuimba mbele njo mwenye kikundi, wengine wanamusaidia tu.» Na katika kwaya nyingi, mtu akikosa solo mara mbili, mara tatu, hafiki tena kwenye mazoezi. Juu ya hiyo nimechagua kuwaelezea The Spinners, waimbaji wa soul kutoka Marekani. Ukipata disiki ya nyimbo zao kubwa, usiruke-ruke. Isikilize kwa utaratibu wa miaka, na kila mara ujiulize: sasa anaimba nani?

1. Miaka ya kungoja

Walianza mwaka 1954, vijana wa Ferndale, karibu na Detroit, mji wa viwanda vya magari. Hata jina lao lilitoka kwa magari: spinners ni vile vifuniko vya kung'aa kwenye magurudumu ya Cadillac. Wimbo wao wa kwanza kujulikana, That's What Girls Are Made For, ulitoka 1961 na kufika nafasi ya 27 katika orodha ya gazeti Billboard. Aliyeongoza ni Bobby Smith, sauti laini isiyopiga kelele. Mushike jina lake.

Kisha waliingia katika kampuni ya Motown. Pale walikuta wakubwa: The Supremes, The Temptations, Four Tops. Wao walibaki nyuma. Walipewa hata kazi ya kuendesha magari, kusindikiza waimbaji wengine safarini, na kutuma mizigo ya disiki. Katika disiki ya nyimbo kubwa miaka hii haionekani: wimbo mmoja unaisha, mwingine unaanza, katikati kuna kimya cha sekunde mbili, tatu. Lakini ndani ya kimya kile kuna watu wazima wenye kubeba makartoni ya nyimbo za wenzao.

Mwaka 1970 Stevie Wonder, pamoja na wenzake wawili, aliwatungia It's a Shame. Aliongoza G.C. Cameron, na wimbo ulifika nafasi ya 14. Mwaka 1972 kikundi kilihamia kampuni ya Atlantic. Cameron alibaki Motown, na pahali pake akaingia Philippé Wynne.

2. Upande wa pili wa disiki

Disiki ndogo ya zamani iko na pande mbili. Upande wa kwanza kampuni inaweka wimbo inaoutumaini. Upande wa pili ni wa kujaza tu. Mwaka ule upande wa kwanza waliweka How Could I Let You Get Away, sauti ya Wynne, mtu mupya. Upande wa pili waliweka I'll Be Around, sauti ya Bobby Smith, yule yule wa 1961. Watangazaji wa redio wakageuza disiki! I'll Be Around ilifika nafasi ya 3. Smith alikuwa amengoja miaka kumi na moja.

Fundi wa nyimbo hizo, Thom Bell wa Philadelphia, hakumfanya Smith kuwa mfalme, wala Wynne. Aligawa kazi. Katika Could It Be I'm Falling in Love, Smith anaanza kwa utulivu, na Wynne anaingia mwishoni kuwasha moto. Katika Games People Play ya 1975 wanapokezana: Smith, Henry Fambrough, mwanamke Evette Benton, na Pervis Jackson mwenye sauti ya chini kabisa. Sehemu ya Jackson ni ya kutaja saa tu, lakini kwa maneno yale machache watu walimpa jina la Mister 12:45. Wa tano, Billy Henderson, aliongoza mara chache sana. Kazi yake ilikuwa kujaza sauti za pamoja.

3. Walifika kwetu

Tarehe 22 mpaka 24 Septemba 1974 kulikuwa na tamasha kubwa Kinshasa, kwenye uwanja wa 20 Mai, ambao leo unaitwa Tata Raphaël. The Spinners waliimba pale, katika tamasha moja na James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley. Pigano la Ali na Foreman lilisogezwa mpaka 30 Oktoba, kwa sababu Foreman alikatika juu ya jicho. Siku nne mbele ya pigano, Then Came You, walioimba na Dionne Warwick, ilishika nafasi ya 1 Marekani. Ni mara moja tu walifika pale.

4. Wynne anaondoka

The Rubberband Man ya 1976 ni ya Wynne kabisa, na ilifika nafasi ya 2. Mwaka uliofuata akatoka. Aliimba tena na Funkadelic, lakini peke yake hakupata wimbo wa kufika nafasi kama ile, na alikufa mwaka 1984. Kikundi kilimweka John Edwards, na mwaka 1980 Working My Way Back to You ilifika nafasi ya 2 Marekani na ya 1 Uingereza.

Sasa, kikundi ni cha nani? Smith, Fambrough, Henderson na Jackson walibaki pamoja toka Motown, wakati waongozi watatu wanapita. Mwaka 2023 kikundi kiliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame. Kati ya waanzilishi, Fambrough peke yake alikuwa angali hai. Naye alikufa Februari 2024.

Basi wewe uliyekosa solo, mazoezi ni Jumatano saa kumi. Sauti yako iko na pahali pake, na ukikosa tutaisikia nafasi tupu.

Mkubwa wa wanafunzi, darasa la sita